Vitenzi Vyenye Mkia

Wenzangu mliosoma tuisheni Mji Mkongwe siku zile kamusi moja ilipokuwa ikizunguka mtaa mzima, nadhani hamjasahau. Kiingereza enzi zetu hakikuwa kitu cha kuokota njiani. Kilikuwa kikifuatwa, kwa miguu, baada ya chuo cha Kurani na kabla ya magharibi, daftari limo ndani ya mfuko wa nailoni ili jasho la mkono lisilitie madoa. Mimi nilikuwa nikitoka Ng'ambo, Mwembetanga, nakatiza Darajani penye harufu ya pweza na maembe yaliyoiva kupita kiasi, naingia vichochoro vya Mkunazini mpaka nyumba ya Bi Zuwena. Ukifika unapiga hodi mara tatu na kusubiri. Ukiitwa jina lako unaitika "naam". Aliyeitika "eee" alirudishwa chini ya ngazi kuanza upya.

Bi Zuwena alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, wa ukoo wa Kiarabu ambao zamani ulikuwa na mashamba ya karafuu na wakati wetu ulikuwa na vyumba viwili vya ghorofani na paka. Ubao wake ulikuwa mlango wa kabati uliong'olewa na kupakwa rangi nyeusi. Tulikaa mkekani, wasichana upande wa dirisha, wavulana upande wa ngazi, na kutoka chini tulisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Chumba kilinuka chaki na udi. Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na jicho, na jicho lile lilitutosha.

Alitufundisha mengi, lakini alichokipenda kuliko vyote ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kineno kidogo nyuma, ambavyo kineno kile kikibadilika na maana yote inageuka. Vitabuni vina jina lake la kitaalamu. Bi Zuwena aliviita vitenzi vyenye mkia, na sisi tukaviita hivyo hivyo. "Look" ni kutazama. Kipachike mkia wa "after", si kutazama tena, ni kulea. Badilisha mkia, weka "for", ni kutafuta. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa, na "give in" ni kusalimu amri. Vilikuwepo na vya mikia miwili, kama "put up with", kuvumilia, na hivyo tuliviogopa kama ng'e.

Siku moja mwenzetu Haroub alisimamishwa atafsiri sentensi ya mama anayemwachia binti yake kazi ya kumlea mdogo wake. Yeye akasema mama alimwambia binti amtazame mtoto baadaye. Tulicheka mpaka paka akatoka mbio. Bi Zuwena hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akasema kwamba kwa tafsiri ile mtoto angekuwa ameshaanguka ngazi. Kisha akatupa sheria yake, na aliirudia mara nyingi hata leo naisikia kwa sauti yake.

"Kitenzi chenye mkia hakivunjwi vipande. Ukikutana nacho hukijui, usikiguse peke yako. Niletee."

Tulikigeuza mchezo. Tukishuka ngazi zile tunakwenda kusimama mbele ya muuza urojo, na huku tukingoja bakuli tunacheza mkia-mkia: mmoja anataja kitenzi, mwenzake lazima aje na mkia na maana yake kabla bakuli halijafika. Aliyeshindwa alitoa bajia yake. Mimi nilikula bajia nyingi za watu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, naongoza darasa, na kichwa kilianza kuvimba. Mama ndiye aliyezidi kukijaza upepo. Kila jirani aliyepita alimwambia, "Huyu Saada wangu Kiingereza anakisoma mpaka mkia." Yeye mwenyewe hakujua mkia huo ni nini.

Mama hakusoma skuli. Alisoma chuoni, Kurani alihitimu, na herufi za Kiarabu alizisoma vizuri. Ndiyo maana Baba akimwandikia barua aliandika Kiswahili kwa herufi hizo, ili mkewe ajisomee mwenyewe na asihitaji jicho la mtu wa tatu. Baba alikuwa mpishi wa meli. Nilipokuwa na miaka tisa alishuka Liverpool, akapata kazi ya jikoni nchi kavu, akapanga chumba kwa bibi mmoja wa Kiingereza, na akasema atakaa kidogo kisha atarudi. Kila miezi miwili barua ilifika. Mama alizisoma pale ukutani ilipotundikwa picha ya Baba, midomo ikichezacheza, na baada ya kila swala alinyanyua mikono akamtaja kwa jina lake na la baba yake. Nilizoea kulisikia jina lile mara tano kwa siku.

Kisha ikaja barua ya herufi za Kizungu.

Nilikuwa nimerudi tuisheni. Mama alikuwa jikoni anageuza mkate wa kumimina, akafuta mikono kwa upindo wa kanga na kunipa bahasha. Mwandiko wa nje haukuwa wa Baba. Aliniambia nisome, na akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, uso umemkunjuka kwa furaha, kwa sababu siku aliyoingoja ilikuwa imefika: mtoto wake anamsomea barua ya Kiingereza. Niliikunjua ile karatasi. Ilikuwa ya yule bibi mwenye nyumba. Mistari haikuzidi kumi, na ndani ya mistari ile mikia ilikuwa imejaa tele.

Hapo ndipo ningesema, Mama, hii siijui yote, ngoja nimpelekee Bi Zuwena. Maneno hayo machache tu. Sikuyasema. Nilichukua kamusi yetu isiyo na jalada, nikavunja vipande.

Bibi yule alianza kwa kusema "I am so sorry". Skuli tulifundishwa kwamba "sorry" ni samahani, basi nikasema bibi anaomba sana samahani. Mama akauliza samahani ya nini, yeye kafanya nini. Nikamwambia tungoje. Mbele ikafuata kwamba mumeo "came down with pneumonia". Neno la mwisho lile sikuwahi kuliona popote, na lilianza kwa herufi kubwa, au mwandiko wa yule bibi ndio uliofanya nilione hivyo. Nikalisoma kama lilivyoandikwa. Nikasema, "Baba aliteremka pamoja na Pineumonia."

Mkate ulianza kuungua. Mama hakuugeuza.

"Pineumonia ndo nani?"

Nikasema ni mtu.

"Mwanamke au mwanamme?"

Barua haikusema. Mimi ndiye niliyesema. Nililitazama jina lile, nikaona linaishia kama Maria, kama Sofia, na nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Mwanamke."

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe nyuma ya lile jibu. Barua ilisema Baba "passed away peacefully", nami nikasema amepita, amekwenda zake mbali, kwa amani. Ilisema Ijumaa alikuwa "laid to rest", nami nikasema Ijumaa alilazwa akapumzika. Mama alirudia neno hilo moja, "Akapumzika," akaichukua barua mkononi mwangu na kuikunja mara nne. Akaniambia barua hii haitoki ndani ya nyumba hii, na jina la mwanamke yule halitajwi mbele ya mtu, hata Bi Zuwena. Aibu ilikuwa yake na aliamua kuimeza. Mkate ule tuliukwangua na kuula upande uliosalia.

Mtu akimuuliza Mama habari za mume, alisema mzima, anawasalimu. Na akaanza kujipamba. Sina neno jingine la kusema. Harusi zilizokuwa zikimpita sasa hazikumpita hata moja. Alitia hina mpaka viwikoni, alivaa kikuba cha asumini kifuani, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Mimi mtoto nilimwona kapendeza. Picha ya Baba aliishusha ukutani, akaiweka chini ya sanduku. Na baada ya swala alinyanyua mikono kama kawaida, akawataja wazazi wake, akanitaja mimi, kisha akajifuta uso. Jina la Baba halikutajwa tena. Barua nyingine haikuja, na kwa Mama huo ukawa ushahidi uliotimia.

Miezi ikapita. Ulikuwa msimu wa vuli umekwisha, jua kali, Bi Zuwena amefungua madirisha yote mawili. Siku ile aliandika kwenye ubao kitenzi "pass", akatuambia leo tunakifungua mikia yake yote. "Pass by", kupita karibu. "Pass out", kuzimia. "Pass on", kupokeza. Halafu akaandika "pass away", na mbele yake, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, akaandika: kufariki dunia. Akaeleza kwamba Waingereza wenye adabu hawapendi kumtupia mfiwa neno kavu, kwa hiyo husema hivi, kama sisi tunavyosema fulani ametangulia.

Nilinyanyua mkono. Sikumbuki kama niliitwa. Niliuliza kama mtu anaweza kuwa "passed away" na bado yuko hai mahali pengine mbali. Wenzangu wakacheka. Bi Zuwena akanitazama, akasema hapana. Nikauliza tena, na "come down with"? Akasema hiyo tutaifikia wiki ijayo, lakini ni kupatwa na maradhi. Nikauliza Pineumonia ni nani. Aliweka chaki chini, akawaambia wengine waende nyumbani, na kulikuwa na saa nzima ya somo iliyobaki.

Nilimweleza yote huku nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia lile neno herufi yake ya mwanzo haisomwi, ni maradhi ya mapafu, hospitali wanayaita nimonia. Kisha akauliza tarehe ya barua. Nilimtajia, kwa maana niliijua kama jina langu. Akahesabu kwenye vifundo vya vidole, midomo imefumba, na alipomaliza akahesabu tena. Mimi sikujua anahesabu nini. Alivaa buibui lake, akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza nikamwona Bi Zuwena akivuka kuja Ng'ambo kwa miguu.

Mama alitukaribisha kwa heshima zote. Alikuwa amejifukiza, ana shughuli ya harusi jioni ile. Bi Zuwena hakukaa. Alisema amekuja kwa habari ya barua, na kwamba mtoto alikosea kuisoma. Mama alinitazama mimi kwanza, kwa jicho la mtu aliyesalitiwa, kwa kuwa nilikuwa nimetoa siri. Ndipo Bi Zuwena akamwambia, polepole, kwamba mumewe hakwenda popote na mtu yeyote. Alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafariki kwa amani, akazikwa siku ya Ijumaa.

Mama alisimama vile vile. Mkono ulipanda kifuani, ukakishika kile kikuba cha asumini na kukichomoa.

"Kwa hivyo hakuwa na mwanamke," alisema.

"Hakuwa naye," Bi Zuwena akajibu.

Mama akakaa chini, sakafuni, hapo hapo alipokuwa. Baadaye kidogo akauliza tarehe, na yeye akahesabu kwa vidole, na safari hii nikaelewa. Eda ya mjane, asitoke wala asijipambe, ni miezi minne na siku kumi. Ilikuwa imepita kwa siku kumi na tisa.

Alipelekwa mtu kumuuliza shekhe, na jibu likarudi kama Bi Zuwena alivyolijua: eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, hata kama mke hana habari. Imeshakwisha. Hana cha kukalia, na hana dhambi kwa aliyoyafanya bila kujua. Wanawake wa mtaani waliokuja kumpa mkono wa pole walilipokea jibu lile kama faraja. Mama hakulipokea hivyo. Nilikuwa nimelala kichwa mapajani mwake nilipomsikia akimwambia Bi Zuwena, "Dhambi najua sina. Lakini alikuwa na haki yake kwangu, nami sikumpa. Siku zake zile, mie nlikuwa nnacheza ngoma."

Hitma ilisomwa. Picha ilitolewa chini ya sanduku ikarudi ukutani. Jina la Baba likarudi katika dua, mara tano kwa siku, ila sasa liliunganishwa na marehemu. Mama hakunigombeza. Ningependelea angenigombeza, angenipiga hata. Siku ya tatu, watu walipopungua, alinipa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Isome tena. Yote."

Nikaanza juu kabisa. Bi Zuwena alikuwa ameshanieleza kwamba "sorry" ya msiba si samahani. Nikasema, bibi anasema, nakupa pole sana.

"Nshapoa," Mama akaitika, kama vile yule bibi yumo chumbani. Kisha akaniambia niendelee.

Hiyo ndiyo sababu nikawa mwalimu wa Kiingereza, kwa wale wanaoniuliza. Wengine hudhani nilikipenda. Nilikiogopa, na mpaka leo nikikutana na kitenzi chenye mkia nisichokijua sikigusi mpaka nimeuliza. Bi Zuwena alikufa nikiwa chuo cha ualimu. Nyumba yake sasa ni ya wageni, na pale ulipokuwa ubao wametundika kioo.

Nafundisha watu wazima sasa, waongoza watalii na wafanyakazi wa mahoteli, darasa la juu. Vijana wangu wa Paje wanakizungumza Kiingereza kwa kasi kuliko sisi tulivyowahi kuota. Mikia yote ya kustarehe wanaijua, "chill out", "hang out", na kama nitawapa barua ya mfiwa waitafsiri, wanaielekezea simu, simu inawajibu kabla sijafunga mdomo. Simu haikosei kama nilivyokosea mimi, lazima niseme kweli. Isipokuwa hawaulizi kitu. Nikiwauliza maana ya neno waliloliandika sasa hivi, wananitazama kwa huruma, kama mtu anayetaka kujua maji yametoka wapi ilhali bomba lipo. Nawacheka, nao wananicheka, wananiita Ticha Mkia nikiwa nimewapa mgongo, na wanadhani sijui.

Mama aliishi mpaka akazeeka sana. Hakuolewa tena. Mwaka jana alishikwa na kikohozi, homa haishuki, tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, alimwamkia vizuri, akamwinamia karibu kwa sababu masikio yalikuwa yameanza kuchoka.

"Bibi, una nimonia," akamwambia.

Mama akageuza kichwa juu ya mto mpaka akaniona. Miaka yote ile hatukuwahi kulitaja neno lile, mimi wala yeye.

"Ndo yeye?" akauliza.

Nikamwambia ndiye.

Akatabasamu, na uso ukawa ule wa jikoni, kabla mkate haujaungua. "Mke mwenzangu," akasema. "Kumbe kaja mwenyewe." Yule daktari alidhani mgonjwa anaweweseka, akaniuliza kama huwa anachanganyikiwa. Nikawa nacheka na kulia pamoja.

Alikaa siku sita. Siku ya saba tulimzika, na jioni nikatoa simu kuwaandikia jamaa zetu wa ughaibuni, ambao watoto wao hawasomi Kiswahili tena. Niliandika "My mother", na kabla sijaendelea simu ikanitangulia, ikaniwekea maneno tayari, "passed away", yenye adabu zake, nibonyeze tu. Zamani tungelivuka Darajani kwa miguu kwenda kuuliza maana yake. Sasa yanakuja yenyewe, hayajaitwa. Nikayafuta. Nikafikiri huenda kati ya jamaa wale kuna msichana mmoja anayemsomea bibi yake, na bibi yake anamwamini. Nikaandika neno kavu, fupi, lisilo na mkia: "died".